Majengo ya ajabu mijini: twende wapi, na tukifika tusimame wapi kupiga picha?

Kamera_Begani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara humu kuna mtu anarusha picha ya jengo lililopinda, au lililosimama kwa ncha, au lenye miti inayochomoza madirishani. Maoni yanamiminika, yote "dunia ina mambo", kisha kila mtu anapita zake. Hakuna anayeuliza nani alilijenga hivyo na alikuwa anataka nini. Nimeona nifungue uzi wa majengo ya namna hiyo, yale ambayo mtu anaweza kufunga safari kwa ajili yake tu na asijute.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kubisha abishe: jengo haliwi la ajabu bure. Nyuma yake kuna kanuni ya jiji, au kiwanja kibovu, au mvua, au vita, au ukaidi wa mtu. Ukishaijua sababu, huulizi tena usimame wapi. Usipoijua, unarudi na picha ile ile ya kadi ya posta.

Naanza na nyumba za mchemraba za Rotterdam, Uholanzi. Msanifu wake ni Piet Blom, zikakamilika 1984. Kila nyumba ni mchemraba uliosimamishwa kwa pembe juu ya mguu wenye pande sita. Wengi husimama ng'ambo ya barabara, wanapata safu ya maboksi ya njano, basi, wameridhika. Lakini Blom alikuwa anajenga msitu: kila nyumba ni mti, mguu ndio shina, na chini pabaki wazi watu wapite. Na kweli chini yake ni daraja la waenda kwa miguu linalovuka barabara kubwa. Kwa hiyo panda mpaka uani, simama katikati ya mashina, elekeza kamera juu kabisa. Kingo za michemraba zinakujia toka kila upande na kukuachia kipande cha anga chenye pembe pembe. Hapo msitu unauona.

Nyumba mojawapo, Kijk-Kubus, iko wazi kwa wageni. Ingieni. Kuta zinakuinamia, makabati yamechongwa kufuata mteremko, na dirisha la ukuta wa chini linatazama moja kwa moja barabarani, miguu inasisimka. Sakafu zote zikijumlishwa zinafika kama mita za mraba 100, ila robo yake haitumiki kwa sababu kuta zimelala. Mwenye lenzi pana ataifaidi. Mwenye lenzi ndefu abaki nje.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna Markthal, soko la mwaka 2014: tao kubwa ambalo unene wa ukuta wake ni makazi ya watu, na dari imefunikwa mchoro wa takriban mita za mraba 11,000. Sina la kuwafundisha pale, inueni kamera tu.

La pili ni Ponte City, Johannesburg. Mnara wa duara wa mita 173, ulikamilika 1975, na katikati ni tupu toka chini hadi juu. Watu hudhani ni mbwembwe za wasanifu. Sivyo. Kanuni za jiji wakati ule zilidai kila jiko na kila bafu liwe na dirisha. Mnara mnene wa duara ungeacha vyumba vya ndani bila hewa, ndipo wakautoboa katikati. Picha ya nje, yenye lile tangazo kubwa la kileleni, kila mtu anayo. Yako wewe iko chini ndani ya tundu, ambako sakafu ni mwamba usiosawazishwa, ukitazama duara la mwanga juu. Ni makazi ya watu, huingii kienyeji, kuna ziara za kuongozwa. Miaka ya 1990 jengo lilipozorota, takataka zilirundikana humo ndani mpaka zikafika ghorofa kadhaa juu. Leo pamesafishwa, lakini jua kwamba unaposimama palikuwa jalala.

Karibuni. Leteni ya kwenu, ila na sababu yake.

---

ZegeTupu

Umeanza vizuri mkuu, ila uzi wa majengo ya ajabu bila Asmara, Eritrea, haujakamilika.

Fiat Tagliero, 1938, kituo cha mafuta. Msanifu Giuseppe Pettazzi alitaka kijengwe kwa umbo la ndege: mnara mdogo katikati wenye madirisha yaliyouzunguka, halafu mabawa mawili ya zege, kila moja karibu mita 15, yametoka pande zote mbili na hayajashikwa na nguzo yoyote. Hata moja. Wakubwa wa wakati ule hawakuamini, wakataka nguzo. Simulizi inayopendwa pale ni kwamba siku ya kuondoa mihimili ya mbao Pettazzi alimwekea mkandarasi bastola kichwani ili aiondoe. Iwe kweli au chumvi, mabawa bado yako juu, vita vimepita, na mwaka 2017 jiji lenyewe likaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya majengo kama hayo.

Sasa nakubaliana na mleta uzi kuhusu pa kusimama. Wengi hupiga kwa mbele, jengo lote liingie, linapendeza. Lakini ajabu ya jengo lile ni kitu ambacho HAKIPO, yaani nguzo. Kwa mbele hutambui. Nenda mpaka kwenye ncha ya bawa moja, piga kwa chini ukifuata urefu wake kuelekea kwenye mnara, na uache ardhi tupu ionekane chini yote. Akipita mtu chini ya bawa, usimfukuze kwenye picha. Bila yeye mtazamaji hajui bawa lina ukubwa gani.

---

Mdadisi_wa_Mtaa

Nimeweka kambi hapa. Swali la sisi wa simu: mbona nikipiga jengo refu linaonekana linaanguka kwa nyuma? Na hiyo lenzi ya 0.5, ile pana ya simu, inafaa kweli?

---

Kamera_Begani

@Mdadisi_wa_Mtaa jengo halianguki, ni wewe umeinamisha simu. Ukiielekeza juu, mistari ya wima inaanza kukutana. Shika simu wima kabisa kama fremu ya mlango, washa gridi (ile mistari ya kwenye skrini), rudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu. Chini kutabaki lami nyingi, hiyo utaikata baadaye. Njia bora zaidi ni kupanda ghorofa ya tatu au ya nne ya jengo linalotazamana nalo, kama ni pa umma, ukalipiga kwa usawa wa tumbo lake. 0.5 inafaa ndani na kwenye nyua nyembamba, ila inavuta pembeni, kwa hiyo usimweke mtu ukingoni akatoka na kichwa kirefu.

Kwa majengo yaliyopinda kwa makusudi kuna mtego mwingine ambao hata wenye kamera za bei mbaya wanauingia. Jengo limepinda, wewe nawe umeinamisha kamera ili "kuongeza mvuto". Matokeo yake mtazamaji hajui nani amepinda. Lazima ndani ya picha kiwepo kitu kilichonyooka kweli: nguzo ya taa, jengo la jirani, mlango. Kile Krzywy Domek cha Sopot, Poland, jengo la 2004 ambalo kuta zake zimelegea na madirisha yamepotoka, ukilikata peke yake watu watasema umelichezea kwenye programu. Liachie jirani yake aliyenyooka liwe na wa kulinganishwa naye.

---

NuruKwanza

Mimi sikubaliani na mleta uzi, samahani. Sababu, sababu, sababu. Mtazamaji wa picha hasomi historia. Picha ni mwanga. Jengo la kawaida kwenye mwanga mzuri linalishinda jengo la ajabu kwenye jua la utosi, kila siku. Ushauri wangu ni mfupi: amka kabla ya jua, au subiri ile nusu saa baada ya jua kuzama ambapo anga ni buluu na taa zimewashwa. Mengine ni porojo.

Na mfano ninao. Sagrada Família ya Barcelona. Nimeingia asubuhi na nimeingia jioni, ni makanisa mawili tofauti. Asubuhi upande mmoja unawaka buluu na kijani, alasiri upande wa pili unawaka nyekundu na chungwa mpaka nguzo zinabadilika rangi. Gaudí msanifu wake, sijui falsafa gani, sikuhitaji kujua lolote. Nilihitaji saa.

---

Kamera_Begani

@NuruKwanza ahsante, umenitetea bila kujua. Vioo vya upande wa mashariki, wa jua la asubuhi, vimewekwa rangi za baridi, na vya magharibi rangi za moto. Vimepangwa hivyo kwa makusudi. Yaani hiyo saa uliyoihitaji imejengwa ndani ya jengo, na anayelijua hilo ananunua tiketi ya alasiri akiwa na akili zake, hategemei bahati.

Nikupe na lingine linalokwenda kinyume na sheria yako ya jua. Makumbusho ya Guggenheim ya Bilbao, Hispania, msanifu Frank Gehry, 1997. Limevikwa vipande vya titaniamu vyembamba mno, unene wake kama milimita 0.38, ndiyo maana ukisogea karibu unaona kila kipande kimebonyea kidogo na hakuna viwili vinavyorudisha mwanga sawasawa. Bilbao ni mji wa mvua. Madini mengi mawingu yakitanda yanakufa, yanakuwa kijivu. Titaniamu inapata udhahabu. Kwa hiyo siku ambayo wewe umelala hotelini unalaani mawingu, mwenzako yuko ukingoni mwa mto anapiga picha za mwaka.

---

NuruKwanza

Hahaha haya, Bilbao umenishika. Barcelona bado nasema ni mwanga.

---

ZegeTupu

Kuhusu mwanga na majengo: msisahau lile la London, 20 Fenchurch Street, wanaloliita Walkie Talkie. Uso wake umejikunja kwa ndani, na ni wa vioo. Mwaka 2013, likiwa bado linajengwa, likakusanya jua na kulitupa mtaani mpaka likayeyusha sehemu za gari lililokuwa limeegeshwa, Jaguar. Baadaye wakalifunga vizuia jua. Kama mnataka mwanga, huo hapo.

---

Pazia

Naomba niseme jambo ambalo nyuzi za picha huwa zinalipita. Majengo mengi mnayoyataja yana watu ndani. Wanaanika nguo, wana watoto, wana wagonjwa.

Mfano mkubwa ni Hong Kong, Quarry Bay, lile linaloitwa Monster Building. Ni majengo matano ya miaka ya 1960 yaliyoshikana, nyumba zaidi ya elfu mbili, na ukisimama uani ukitazama juu unazungukwa na madirisha, viyoyozi na kamba za nguo mpaka anga inabaki kipande. Likaonekana kwenye filamu ya Transformers ya 2014, watu wakaanza kumiminika. Wakazi wakachoka, wakabandika matangazo ya kukataza kupiga picha, kwa sababu wageni walikuwa wanarusha droni, wanapanda juu ya vitu, wanawasha moshi wa rangi uani kwa watu. Ni jengo la kuvutia kuliko mengi yaliyotajwa humu. Lakini ua ule ni wa wenyewe.

Hali ni hiyo hiyo Vienna kwenye Hundertwasserhaus. Mchoraji Friedensreich Hundertwasser, jengo likakamilika 1985, nyumba 52, sakafu zenye mawimbi, rangi kila kona, miti imepandwa ndani ya nyumba na matawi yake yanatokea madirishani. Watalii hufika wakidhani ni makumbusho. Ni nyumba za jiji, watu wamepanga, huingii. Yeye aliamini mpangaji ana haki ya kupamba ukuta unaozunguka dirisha lake mpaka mkono wake unapofika. Piga kwa nje, toka mtaa wa Kegelgasse, na tafuta lile dirisha ambalo mti ndiye mpangaji. Mlango wa mtu uache.

Na Djenné, Mali: msikiti mkubwa wa udongo, ulijengwa upya 1907, miti ya mitende imechomoza kuta zote kwa sababu ndiyo ngazi na jukwaa la mafundi wakati wa kuukandika upya kila mwaka. Wasio Waislamu hawaruhusiwi ndani tangu 1996, baada ya jarida moja la mitindo kupiga picha zisizofaa humo. Wapiga picha wenyewe ndio waliofunga mlango.

---

Fundi_Ramani

Nakazia alichosema @Pazia, na niongeze upande wa sheria maana watu wanauza picha mtandaoni bila kujua.

Kuna nchi ambako jengo ni kazi ya sanaa na msanifu ana haki juu ya picha zake. Ujerumani unaruhusiwa kupiga na hata kuuza, mradi umesimama njia ya umma. Na wana maanisha UMESIMAMA. Hiyo Hundertwasserhaus ya Vienna iliwahi kufika mahakama ya juu ya shirikisho ya Ujerumani, uamuzi ukatoka 2003: picha iliyokuwa inauzwa ilipigwa toka ghorofani, kwenye nyumba ya mtu iliyo mkabala. Mahakama ikasema hapana, pale si njia ya umma, ruhusa hiyo haikuhusu. Kwa hiyo @Kamera_Begani ule ushauri wako wa kupanda ghorofa ya nne ni mzuri kwa mistari ya wima, ila kwa anayeuza ajue anapouzia.

Ufaransa ni wakali zaidi. Sheria ya 2016 ilifungua mlango kwa mtu binafsi asiyefanya biashara, basi. Mnara wa Eiffel mchana piga utakavyo. Usiku zile taa zina hakimiliki yake, ukitaka kuchapisha kibiashara unaomba kibali. Picha ya familia yako hakuna atakayekugusa.

---

Mdadisi_wa_Mtaa

Daah, hili la taa sikuwahi kulisikia. Na chini ya ardhi je? Stesheni zinahesabika?

---

Fundi_Ramani

Zinahesabika sana, tena mvua haikuhusu. Tashkent, Uzbekistan, metro ilifunguliwa 1977 na kwa miaka mingi kupiga picha kulikatazwa kwa sababu ilihesabiwa kuwa pia hifadhi ya wakati wa vita. Marufuku ikaondolewa 2018. Nenda Kosmonavtlar, kuta zina sura za wanaanga zimezama kwenye buluu inayozidi kuwa nzito kadiri inavyopanda. Stockholm nayo, T-Centralen na Solna Centrum, mwamba umeachwa wazi ukapakwa rangi, mmoja buluu na nyeupe, mwingine mwekundu. Ngazi za umeme za Solna, ukiwa juu ukitazama chini, zinatosha.

Juu ya ardhi kuna Liziba, Chongqing, China. Treni inaingia tumboni mwa jengo la makazi na kutokea upande wa pili. Watu husema walilitoboa jengo treni ipite, si kweli. Vilijengwa pamoja kwa sababu mji ule ni milima mitupu na ardhi ya kuchezea haipo. Chini pametengenezwa jukwaa la watazamaji. Ila pale jukwaani kila mtu anafungua mdomo ajifanye anaimeza treni, jiandaeni kisaikolojia.

---

ZegeTupu

Na msiahirishe. Nakagin Capsule Tower ya Tokyo, msanifu Kisho Kurokawa, 1972: vyumba 140 vidogo vya kiwandani, kila kimoja na dirisha la duara, vimefungwa kwa bolti kwenye minara miwili. Mpango ulikuwa vichomolewe na kubadilishwa kila baada ya miaka 25. Hakikuchomolewa hata kimoja, maana kukigusa kimoja kunagusa na majirani zake. Vikachakaa, 2022 wakalibomoa lote. Baadhi ya vyumba vimeokolewa, vingine viko makumbusho, lakini ule mrundikano wake ukiwa mtaani haurudi.

Pompidou ya Paris nayo, kile kituo cha sanaa chenye mabomba nje (buluu hewa, kijani maji, njano umeme, nyekundu njia za watu), tangu 2025 imefungwa kwa ukarabati wa miaka. Kwa bahati nzuri hilo jengo limevaa utumbo wake nje.

---

Mdadisi_wa_Mtaa

Wakuu mmenichanganya kwa uzuri. Ningekuwa na safari moja tu, simu yangu hii, sina uzoefu. Jengo gani?

---

Kamera_Begani

Prague. Tančící dům, Nyumba Inayocheza, Vlado Milunić na Frank Gehry, ilikamilika 1996. Nakuchagulia hiyo kwa sababu haikubanii: iko kona, ukingoni mwa mto, kuna nafasi ya kurudi nyuma, na huhitaji kumwingilia mtu nyumbani kwake.

Sababu yake: kiwanja kile kilikuwa pengo. Nyumba iliyokuwepo ilipigwa na mabomu ya ndege za Marekani Februari 1945, pengo likakaa miongo, na jirani wa pengo hilo alikuwa Václav Havel, aliyekuja kuwa rais. Majengo ya pande zote ni ya kale, yamejipanga mstari mmoja. Ndiyo maana wawili hawa wapya, mnara wa kioo uliobanwa kiuno na mnara wa zege uliosimama wima, wanaonekana wanacheza: wanacheza MBELE ya watu waliosimama kimya. Ukiwakata wenyewe tu, umeua hadithi. Acha majirani waingie kushoto na kulia.

Sasa tazama madirisha kwa ukaribu. Hayako kwenye mstari, yanapanda na kushuka ukutani, na fremu zake zimetokeza nje kidogo. Jua likija kwa ubavu kila fremu inaangusha kivuli chake. Ukuta wenyewe ni vipande 99 vya zege, kila kimoja na umbo lake. Hizo ni picha za karibu ambazo simu yako inaziweza bila shida.

Ile ya jengo zima, vuka upande wa daraja la Jirásek, simu wima, gridi imewashwa. Tramu zinapita mbele yake kando ya mto.

---

Mdadisi_wa_Mtaa

Tripodi nibebe?

---

NuruKwanza

Beba ile ndogo ya mezani, uiweke juu ya ukingo wa daraja, usizibe njia ya watu. Na nenda jioni, baada ya jua kuzama. Hilo hata mleta uzi hatalibishia.

---

Kamera_Begani

Hilo silibishii. Ila shika na kamba ya simu, chini pale ni maji.